Risasi Mbili za Ngatunga

Risasi ya swala humwamsha nyati. Jana barazani mlimsikia mjumbe akiisema methali hii, alipokataa tusimpelekee yule mwenye trekta anayelima makaburi yetu kijibarua cha mistari miwili. Nanyi mkacheka, mkidhani nyati huamshwa kama mtoto wa shule. Kaeni basi niwaeleze neno hili lilikotoka.

Kijijini Nambinda wenye bunduki walikuwa wawili tu, Ngatunga na shemeji yake Kaungame. Ngatunga alimwoa Somoe, dada yake Kaungame, kwa hiyo utani baina yao haukuwa na likizo.

Bunduki ya Ngatunga ilikula risasi nyembamba kama kidole cha mwisho, zenye mbio. Swala, pongo, ngiri, wote waliangushwa kwa mlio mmoja. Ya Kaungame ilikula risasi nene kama kidole gumba, zenye kichwa kigumu, nazo zilimpiga teke mpigaji hata bega likauma siku mbili. Walizipanga mkekani wakabishana. Ngatunga alishikilia kwamba kinachoua ni mbio na shabaha. Kaungame alisema mbio zinamtosha mnyama mwenye ngozi laini, lakini kwa nyati risasi lazima ivunje mfupa na iendelee na safari. Ngatunga akamjibu kwamba asiyejua kulenga ndiye hutafuta uzito, na watu wakaangua kicheko.

Mwaka ule nyati dume akaingia mahindini, akavuruga mashamba manne. Bwana nyama wa serikali akatoa kibali auawe, na kazi akapewa Ngatunga. Kaungame akampelekea bunduki yake na risasi tatu zilizobaki. Ngatunga akairudisha, akasema haui chawa kwa mchi.

Asubuhi akamkuta nyati amelala pembeni mwa shamba, anacheua. Ngatunga akalenga bega, akapiga. Vumbi likaruka begani. Nyati akainuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Ngatunga akapiga tena palepale. Nyati akamtazama, akageuka, akaingia kichakani kando ya njia ya mtoni.

Sheria ya Nambinda ilikuwa moja: aliyemjeruhi nyati ndiye amfuataye, na mpaka nyati afe, hakuna mwanamke wa kukanyaga njia ya maji. Siku ile Ngatunga alikaa kizingitini. Aliogopa, wala hatumfichi. Alijua nyati aliyejeruhiwa hakimbii. Huzunguka, akarudi kuivizia njia yake mwenyewe, akamngoja anayemfuata.

Siku ya pili mitungi ilikuwa mikavu na watoto walilia kiu. Somoe akachukua ndoo tupu, akaiweka miguuni pa mumewe. Ngatunga akainuka, akaenda kwa Kaungame.

Kaungame hakumtania. Alichukua bunduki yake na zile risasi tatu, akatangulia kutoka. Ngatunga alipoona shemeji yake amekosa utani, hofu ikamzidi, akamfuata.

Kichakani Ngatunga alishika mbele, akisoma nyayo. Damu ilikuwa tone hapa, tone pale. Hakuna ndege aliyelia. Kisha akaona nyayo zinapinda kushoto, zinapinda tena, zinarudi kule walikotoka. Alipogeuka kumwambia Kaungame, kichaka cha nyuma yao kikapasuka.

Nyati alimpita Kaungame, akamfuata aliyempiga. Pembe ikaingia pajani mwa Ngatunga, ikamrusha. Kaungame akapiga mara moja. Mfupa ulisikika ukivunjika, nyati akapiga magoti. Akapiga ya pili, nyati akalala.

Jioni, Ngatunga akiwa kitandani, paja limefungwa kwa kanga za Somoe, Kaungame aliingia na vipande viwili vya risasi alivyovitoa begani mwa nyati. Vilikuwa vimekaa pamoja, vya kufunikwa na kiganja kimoja, vyote vimepondeka juu ya mfupa.

"Shemeji, nilimpiga palepale," alisema Ngatunga.

"Palepale kabisa. Mimi nisingeweza." Kaungame akaviweka mkononi mwa Ngatunga. "Hukukosa. Ulimwamsha tu. Risasi ya swala humwamsha nyati."

Ngatunga aliwinda swala kwa risasi zake nyembamba mpaka uzeeni, akichechemea, wala hakuzisema vibaya. Hazikuwa mbaya, zilikuwa za swala. Lakini kila baraza lilipotaka kumaliza jambo zito kwa njia nyepesi, alivitoa vile vipande viwili akaviweka mkekani, na mashauri yakaanza upya.

Sasa yule mwenye trekta bado amelala, anacheua. Kabla hamjampelekea kijibarua chenu, tazameni kwanza mna nini mkononi. Risasi ya swala humwamsha nyati.