Nguchiro, Fuko na Lango la Makofi

Hadithi ije, isije?
Ije! Tumeikalia mkao!
Na ikija na uongo?
Tutauchuja!

Basi zamani, tena si zamani sana, wanyama walipata miwani ya ajabu. Ukiivaa, mwili wako unabaki nyumbani, wewe mwenyewe uko Kijiji cha Mtandaoni. Huko kulikuwa na uwanja wa ngoma, na lango lake lilifunguka kwa hodi tu.

Nguchiro alipenda mno kwenda. Mtego ulikuwa umemkata mkono wa kulia, na kwao mwituni kila aliyekutana naye alimwambia, "Pole." Uwanjani hakuna aliyempa pole. Walimwambia, "Umechelewa, njoo ucheze!" Alicheza na Kobe asiyesikia, aliyeshika mdundo kwa mtetemo wa ardhi. Alicheza na shoga yake Fuko, asiyeona. Miwani ya Fuko ilikuwa na sauti: ti-ti-ti, pita kulia, to-to-to, pita kushoto.

Siku moja akaja Kiboko. Akakikalia kigoda cha mwenyeji, na mwenye kigoda ndiye mwenye amri ya lango.

"Mmejaa mno, nakosa pa kugaagaa!" akafoka. "Kuanzia leo, lango ni kwa makofi. Mikono miwili, pa-pa!"

Nguchiro akaja, akapunga mkono wake mmoja. Fyuu! Lango kimya. Fuko akampa kiganja, wakapigiana. Pa! Lango likasema, "Mmoja mmoja."

"Mimi naweza kuingia," Fuko akasema. "Lakini nikacheze na nani, shoga? Na tumbo lile?"

Nguchiro akaanza kucheka.

"Shoga, kile chumba chako cha mazoezi huko nyuma, kina taa?"

"Taa za nini?"

"Basi nenda kafungulie ngoma!"

Nguchiro akasogea langoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Marahaba. Makofi!"

"Siingii, Mzee, nauliza tu. Uwanja huu wa nani?"

"Wangu!"

"Na kigoda?"

"Changu!"

"Na ule ukumbi wa nyuma, wenye ngoma tamu kuliko hizi?"

Kiboko akatega sikio. Kwa mbali: ti-ti-ti, to-to-to.

"Wangu pia!" Akainuka kigodani, gudu-gudu-gudu, akalisukuma lango kwa tumbo, akaliacha wazi, akajitosa ukumbini.

Giza! Ti-ti-ti. Kiboko akaenda kushoto. Gubu! Ukuta. To-to-to. Akaenda kulia. Gubu! Nguzo.

"Taa! Taa iko wapi?"

"Hakuna, Mzee," Fuko akamjibu kwa upole. "Hapa tunasikiliza. Nikuongoze?"

"Mimi? Niongozwe na fuko?"

Gubu! Gubu! Mwishowe akaing'oa miwani kichwani, na mara, chubwi! Yuko kwenye tope lake, peke yake, anapepesa macho.

Huku nyuma Nguchiro alikuwa ameshaketi kigodani.

"Nifunguke kwa nini?" lango likauliza.

"Kwa hodi. Kwa makofi. Kwa kikohozi. Asiyeweza kusema na apunge mkia, asiye na mkia na akonyeze jicho."

Wakaja! Wenye magongo wakaja, wenye mabawa yaliyovunjika wakaja, na ngoma ikalia ndi-ndi-ndi. Baadaye ikasikika hodi nene, ya aibu aibu. Ni Kiboko. Nguchiro akasema, "Karibu, Mzee. Ila utacheza wima. Hakuna kugaagaa."

Kiboko akacheza. Kila akikanyaga, uwanja ukatikisika, na Kobe akarukaruka kwa furaha, kwani tangu azaliwe hajapata kuisikia ngoma vizuri namna ile!

Sasa funzo, wanangu: msithubutu kumdanganya mkubwa, ujanja haulipi. Mtazameni Nguchiro. Alidanganya, na alichoambulia ni kigoda, uwanja, ngoma na marafiki tele. Maskini wa watu!

Hadithi nimeitua, mabega yamepumua. Anayeitaka na aibebe!