Barua Iliyotunzwa Vizuri

Kulikuwa na mtunza nyaraka mmoja katika maktaba ya chuo kikuu. Jambo la mwisho la kawaida lililomtokea ni chai ya saa nne. Dada mmoja mcheshi wa meza ya pili aliinua kadi akasema, “Kaka, huyu mzee ametunza mpaka mialiko ya harusi ambazo hakwenda! Mkewe aliweka wapi vyombo?”

“Waliokwenda ndio waliopoteza kadi,” akamjibu. “Hebu nisogezee boksi la kumi na tisa.”

Wakacheka, naye akafungua boksi.

Karatasi zile zilikuwa za mwanasheria wa kampuni ya mafuta, aliyepanda cheo hadi kuwa mkurugenzi. Alipostaafu aliikabidhi maktaba maisha yake yote ya kazini katika maboksi arobaini, kwa sharti moja la maandishi: boksi la kumi na tisa liorodheshwe, kisha lifungwe miaka thelathini.

Ndani yake mtunza nyaraka alikuta barua yenye mwandiko anaoujua. Ilikuwa ya mke wake. Alikuwa amemzika mwaka uliotangulia, baada ya saratani ya damu kumuua.

Miaka kumi na tisa nyuma, mke huyo alikuwa nesi katika zahanati jirani na bohari ya mafuta. Aliandika kwamba maji ya kisima yananuka mafuta ya taa, kwamba juu yake kuna utando unaong'aa, kwamba kina mama wanakuja na watoto wenye vidonda mdomoni. Aliomba kisima kipimwe. Pembeni, kwa kalamu ya mwanasheria, palikuwa na maneno mawili: Isijibiwe. Ihifadhiwe. Nyuma yake ilibanwa taarifa ya fundi wa kampuni: tangi la chini ya ardhi linavuja.

Mume akakumbuka jioni ile mkewe alipomwambia, “Nimewaandikia.” Naye, kwa kuwa ni mtu wa karatasi, alimjibu, “Basi tulia. Barua ikishapokelewa, itajibiwa.”

Alasiri hiyo mzee mwenyewe alikuja, kama alivyozoea, kuangalia kazi imefika wapi.

“Shikamoo, mzee. Barua hii uliisoma?”

“Marahaba. Niliisoma. Mwandiko safi. Nadhani alikuwa nesi.”

“Alikuwa mke wangu.”

Mzee akavua miwani. “Pole sana, mwanangu. Lakini unaona mwenyewe, haijakunjika hata pembe.”

“Kwa nini hukumjibu?”

“Ukijibu, umekiri. Mimi kazi yangu ilikuwa kuilinda kampuni na kuhakikisha karatasi haipotei. Wenzangu walichoma. Mimi sikuchoma hata moja.”

“Na kisima?”

“Huko sijawahi kufika.”

Ndugu zangu, mnamwonaje mzee huyu? Alijua. Alikuwa na barua mkono huu na taarifa ya fundi mkono huu. Angeweza kuokoa watu kwa sentensi moja: msinywe maji haya. Badala yake akatafuta boksi lisiloingiwa na mchwa. Karatasi ilikaa pakavu miaka kumi na tisa, na mwandishi wake akaoza damu akiwa hai! Je, hilo nalo tuliite uaminifu kazini?

Nasikia mnaguna. Naona wengine mmekwisha kumhukumu. Subirini kidogo, kwa sababu mzee hakuwa amemaliza.

“Mbona unanikodolea macho mimi peke yangu?” akasema. “Soma chini ya sahihi.”

Chini ya sahihi, kama kila barua rasmi, paliandikwa: Nakala kwa. Moja, Mkuu wa Wilaya. Mbili, Mganga Mkuu wa Wilaya. Tatu, Mchungaji na Wazee wa Usharika.

Namba tatu ni sisi.

Mtasema huu ni mfano, mhubiri ameutunga. Ndiyo, nimeutunga. Lakini kabati la chuma sikulitunga. Kila ofisi ya kanisa ninayoijua inalo, na ndani yake kuna jalada lililoandikwa Mengineyo. Tunapokea barua, tunapiga muhuri, tunatoboa matundu mawili, tunaifunga. Kikao kinaandika “imepokelewa”, tunasali, tunakwenda nyumbani. Mwanasheria alinyamaza kwa sababu alikuwa na kampuni ya kuilinda. Sisi tulikuwa tunamlinda nani? Yule mama alipougua, tulimwombea. Alipokufa, tulimzika karibu na zahanati yake kwa nyimbo nzuri, na maji ya chai ya waombolezaji yalichotwa kisima kile kile. Tuliyanywa. Hakuna aliyeuliza mbona yananuka.

Msiondoke hapa mkisema wenye mafuta ni wabaya. Ni wabaya, na Mungu anayo majina yao. Lakini swali lake kwetu halitakuwa juu yao. Atatuuliza: nakala yenu iko wapi? Nani aliyewaandikia ninyi, mkamjibu kwa muhuri? Kuna mjane hapa aliyeleta malalamiko yake mara tatu. Kuna binti aliyeandika juu ya mwalimu wa kwaya. Barua zao ziko salama. Wao je, wako salama?

Mnataka kujua yule mume alifanya nini. Kesho yake asubuhi aliwahi kazini kabla ya wenzake. Alifungua boksi la kumi na tisa, akatoa barua ile pamoja na taarifa ya fundi, ingawa alijua kwamba kwa kufanya hivyo amepoteza kazi. Hakutoroka nazo. Alifungua daftari la kutolea nyaraka, akaandika jina lake kamili, tarehe na saa. Kwenye safu ya sababu aliandika: “Watu bado wanachota.” Akaweka sahihi, akaacha ufunguo juu ya daftari, akaenda stendi kupanda basi la kwanza la kuelekea kisimani.