Mtani Aliyelala Jenezani

Kwa jina la Mola mwenye kuhuisha na kufisha, nahadithia. Katika mji wa Rasini alitawala Sultani Ghalibu bin Muhsini, mwenye pete ya akiki na jini aliyefungwa humo kumtumikia. Na nduguye, Amiri Saburi, aliuziba mfereji wa mji ili ajaze birika lake la kuogea, na watu wakanywa matope, na wengi wakafa, na miongoni mwao mume wa mwanamke aitwaye Mwanashali.

Kisha Amiri naye akafa, kwani mauti hayabagui. Na ukoo wa Mwanashali ulikuwa watani wa ukoo wa sultani tangu mababu, na mtani ana ruhusa ya kumtania hata maiti. Basi jeneza liliporudishwa tupu kutoka makaburini, Mwanashali alijilaza humo na kilemba kichwani, akanyoosha mkono akimwigiza Amiri.

"Maji ya waridi! Hayatoshi, ongezeni! Raia na walambe umande!"

Waombolezaji wakacheka. Naye akamgeukia mama wa Amiri: "Bi mkubwa, yakinge machozi hayo, mwanao atataka kuyaoga."

Kicheko kikakatika. Sultani akasugua pete, na jini akatoka kama moshi.

"Labeka, Maulana."

"Mkate ulimi!"

Jini akainua kisu, na kisu kikayeyuka kuwa maji mkononi mwake. "Maulana, niliapishwa nisidhuru ulimi uliosema kweli."

"Basi na atubu mwenyewe," akanguruma Sultani, "au nitamwita mnyongaji."

Mwanashali akasimama. "Mama, la machozi nisamehe. Lile lilimpiga mfiwa, nami ni mfiwa, najua uchungu wake. Lakini la maji silitubii, hata nikinyongwa. Waliokufa kwa matope yale, kifo chao hakikuwa mzaha."

Bi mkubwa akajifuta uso. "Ghalibu, ndugu yako alikuwa hivyo hivyo. Mimi mamaye nilinyamaza. Fungua mfereji."

Sultani akainamisha kichwa, na jini akalivunja birika kwa ngumi moja, akauzibua mfereji, na maji yakarudi mjini yakinguruma. Na Sultani, kwa mastaajabu, akamposa Mwanashali kwa dhahabu na kasri.

"Eda yangu haijaisha, Maulana. Na hata ikiisha, nikikaa kitini pako nitamtania nani?"

Wazee wa Rasini husema: mzaha unaompanda mwenye kiti ni haki, na unaomkanyaga aliyeanguka ni dhuluma.

"Basi nikifa," akauliza Sultani, "utakuja?"

"Nitakuja, inshallah. Jitahidi nikose la kusema."