Ukuta Alioutazama Mbayuwayu

Sogeeni, ngano imebisha hodi. Ikaribisheni!

Zimwi alimwiba Mwanahija, akamfungia katika nyumba yake msituni pamoja na mbayuwayu aliyemnasa kwenye kiota, chini ya paa la mama yake binti. Mwaka mzima binti na ndege wakanywa maji katika kibakuli kimoja.

Nyumba ile ilikuwa na uchawi. Zimwi akitoka huiambia, "Zunguka!" nayo huzunguka kama pia. Mwanahija akatoka mlangoni, akakimbia, njia ikamrudisha palepale. Akatoka tena, ikamrudisha. Akatoka tena, akarudi analia.

Mvua zilipokaribia, mbayuwayu akakosa raha tunduni. Nyumba izunguke isizunguke, yeye hugeukia upande uleule, anapigapiga mbawa.

"Kumbe wewe wakujua kwetu," akasema Mwanahija, "na mimi nahangaika na mlango!"

Akaubomoa ukuta aliouelekea ndege, akamfungulia, akamfuata mbio mpaka uani kwa mama.

Wakala, wakacheka. Mvua zilipokwisha, mbayuwayu akaanza tena kuhangaika, sasa akielekea msituni. Mama akageuka amwonyeshe bintiye. Akamkuta kasimama, naye kaelekea hukohuko. Akamshika mkono: ulikuwa unapigapiga kama bawa.

Ngano yangu imekwenda kulala. Mwanahija bado.