Mama Unga na Kura za Ng'ambo

Mama zangu, kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye mashine ya kusaga. Msianze kutazamana mkitafuta ni nani. Huyu nimemtunga mwenyewe juzi nikichambua mchicha, na mumewe nimemwacha nje ya habari hii makusudi, ili msipate cha kuniuliza mlangoni.

Mashine ilikuwa upande huu wa mto. Mto wenyewe si wa kutisha. Kiangazi mbuzi anavuka halowi tumbo. Wateja wengi walikaa ng'ambo, wakivuka juu ya gogo moja lililolazwa pale tangu enzi ambazo hata mimi nilikuwa na kiuno. Unakwenda na debe la mahindi kichwani, unarudi na debe la unga. Masika ikiingia, gogo linateleza kama bamia. Mwaka mmoja mama mjamzito aliteleza pale, na mimba ikatoka. Hapo sitakaa sana.

Sasa ninyi mnaosagisha mnaujua wizi wa mashine. Mahindi yako yakiisha, unga kidogo unabaki umeganda ndani ya chuma na kwenye ule mfuko wa kutolea unga. Msagaji mjanja anakwambia, "Tayari, mama," nawe unaondoka unashukuru. Jioni anafungua mashine, anakomba ndoo nzima ya unga asioulima. Au siyo? Naona wengine wanacheka, basi wanamjua mtu.

Huyu wangu alikuwa anakung'uta. Uje na debe, uje na kopo, alichukua kipande cha mti akagonga mashine ubavuni, akapiga mfuko juu mpaka chini, mpaka vumbi la mwisho likaanguka kwenye chombo chako. Ukimwambia, "Inatosha, Mama Unga, nina haraka," alikujibu, "Tulia, bado kuna chako humu." Watu walikuwa wanasimama pale wakimtazama tu. Kumwona mtu anayeweza kukuibia bila wewe kujua, na haibi, jamani, mwili unasisimka.

Uchaguzi ulipokaribia, asubuhi moja alisimama mbele ya ule mstari wa madebe akasema, "Mwaka huu nagombea udiwani."

Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mama Unga, na hizo kope nyeupe za unga watakuona umezeeka kabla hujaapishwa."

"Sitanii. Nimekwenda halmashauri mara nne kuomba kivuko. Mara nne naambiwa nipitie kwa diwani. Kwa diwani naambiwa yuko kikaoni. Nimechoka kumtafuta diwani, bora niwe mimi. Nataka kivuko cha zege, mvuke na watoto wenu. Sina lingine."

Wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka kwenye pumba. Kweli walimpenda, hilo msilitilie shaka.

Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja ambaye kazi yake hakuna aliyeijua. Asubuhi yupo kibarazani, jioni yupo kibarazani, amehamisha kigoda tu kufuata kivuli. Hakutoa khanga, hakutoa chumvi, hakutoa hata kibiriti. Na alishinda. Tena alishinda kwa kura za ng'ambo, kwa akina mama walewale wa vigelegele.

Ilikuwaje? Sikilizeni nilivyosikia. Masikio yangu hayakusoma sana, lakini hayajawahi kukosa kipindi. Jioni ya kuamkia siku ya kura, wanawake wawili walikuwa wanafua mtoni, mmoja muuza vitumbua, mwingine jirani yake.

"Shoga, kesho unampa Mama Unga?"

"Nimpe niwe nimerogwa? Nampenda mno yule."

"Ndiyo nakuuliza, si unampenda?"

"Sasa fikiri mwenzangu. Akiwa diwani atashinda kwenye vikao mjini. Mashine atamwachia nani? Shemeji yake. Na yule shemeji anakung'uta?"

Jirani akaacha kufua. "Hakung'uti."

"Haya. Si tutakuwa tunamlisha yeye? Mpe yule bwana wa kibarazani. Yule hata akikaa mjini mwaka mzima, nani atamkosa? Mwenye kazi abaki kazini, asiye na kazi apewe ofisi."

Na maneno mazuri hayalali mtoni. Yalipanda na ndoo, yakaingia nyumba kwa nyumba, na kila aliyeyasikia aliona ni akili nyingi. Mama Unga akapata kura thelathini na moja.

Je, walimchukia? Hata kidogo. Walimnyima kwa sababu ya mapenzi. Walitaka abaki pale walipomzoea, na kope zake nyeupe, awakung'utie.

Kesho yake asubuhi mstari wa madebe ulikuwa mrefu kuliko siku zote, na wenye madebe wakitazama chini kama waliopoteza sindano. Yeye akafungua mlango, akafunga kitambaa kichwani, akauliza, "Nani wa kwanza?" Akasaga, akakung'uta. Hakumkung'utia mtu pungufu.

Basi masika ikaingia, na mwaka ule iliingia na hasira. Siku ya tatu ya mvua, mto ukalichukua gogo. Kivuko hakuna, na diwani mpya yuko mjini, safari hii kikaoni kweli. Ng'ambo kulikuwa na mahindi ndani na unga hakuna. Siku mbili walichemsha mahindi yaleyale makavu, wakabandika maboga, watoto wakaanza kuhara. Siku ya tatu wanawake wakajitwika madebe, wakaja kusimama ukingoni, basi tu. Na pale walipo wanaisikia mashine upande wa pili, inaunguruma vizuri kabisa. Usiombe, mama, kusimama na mahindi kichwani na njaa tumboni, ukasikia mashine inasaga mahali usipoweza kufika. Walitaka abaki mashineni. Haya, si amebaki?

Mara mashine ikanyamaza. Wakaona Mama Unga anakuja ukingoni, mweupe wa unga kuanzia kichwa mpaka miguu, na nyuma yake yule shemeji amebeba kamba.

Akapaza sauti, "Mna unga huko?"

Wakatazama maji. Wengine walikuwa wanaona aibu kuwa na njaa mbele yake.

Akafunga ncha moja ya kamba kwenye nguzo ya mashine na nyingine kiunoni, akamwambia shemeji ashike katikati, akapandisha khanga, akaingia. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Ule unga wa mwilini ukawa unatoka, unakwenda na maji kama maziwa. Akapotea mara moja, kichwa kikarudi juu, akaendelea.

Najua mnangoja nimzamishe ili mlie. Hakuzama. Alifika, akasimama mbele yao anatiririka maji, akainamisha kichwa apokee debe la kwanza. Akavuka nalo. Akalisaga, akalikung'uta, akaurudisha unga kichwani kwa maji yaleyale. Akachukua la pili. La tatu. Ilipofika zamu ya muuza vitumbua, yule mama akalishika debe lake, hakuliachia.

"Dada," akasema, "mimi sikukupa kura."

"Najua."

"Na wengine ni mimi niliwaambia wasikupe."

"Najua, mama. Nitwishe, jua linakwenda."

Akamtwisha.

Sasa niwageukie ninyi, nami nikiwemo. Mnadhani nilikuwa nasema habari za mashine?

Sisi tunampenda Mungu sana. Alhamisi hii tumeimba mpaka koo zimekauka. Lakini tunampendea wapi? Tunampendea mashineni. Tunapanga madebe yetu asubuhi na mapema: Bwana, nisagie ada ya shule. Bwana, nisagie mguu huu upone. Bwana, nisagie mkwe wangu, huyo umsage laini kabisa. Na anasaga, na hajawahi kumwibia mtu hata vumbi. Lakini siku anasema, "Mwanangu, naomba nikae juu ya mambo yako. Niamue mimi unavyosema na jirani, niamue mimi ugomvi wako na dada yako," hapo tunakuwa watu wa akili nyingi. Tunamwambia, Bwana, wewe baki palepale, pale unafanya vizuri sana. Kisha ile ofisi ya moyoni tunampa nani? Tunampa bwana wa kibarazani. Tunampa hasira isiyo na kazi, tunaupa umbea usio na kazi, na msinitazame mimi peke yangu. Halafu gogo likichukuliwa na maji, tunasimama ukingoni tunauliza mbona Mungu yuko mbali.

Mimi ni mzee, nimeyaona mengi na nimeyasimulia yote. Ningekuwa mimi Mama Unga, ningefunga mashine, nikapika ugali wangu, nikaula nje wakiniona. Ndiyo maana nikifika hapa ulimi wangu, huu mnaoujua, unaniishia. Mungu anaijua kura ya kila mmoja wetu. Anajua nani alinong'ona nini mtoni. Na sasa hivi tunavyoongea yumo majini, maji yako kifuani, anakuja kuchukua debe lako.

Mtwishe. Na ukishamtwisha, mwambie ukweli kabla hajageuka.