Dawa ya Uvimbe na Mguu wa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mguu umevimba!

Wa nani?

Tuambie wewe!

Haya, nawaambia, lakini msinikatize, maana hadithi hii inaniwasha mwili mzima.

Hapo kale Simba alivimba goti. Akatangaza kwamba atakayemletea dawa ya kutuliza maumivu atapewa paja la nyati. Fisi aliposikia paja, mate chururu! Akachimba mizizi, akaitwanga, twa twa twa, akaijaza kibuyuni. Lakini aliogopa. Dawa isipofanya kazi, ataliwa yeye. Basi akamkamata Panya na mdogo wake, akawafungia kizimbani.

Kila asubuhi aliwashika miguu, akaitumbukiza kwenye kiota cha manyigu. Zzzzz, chwi! Zzzzz, chwi! Miguu ikavimba, ikavimba. Panya akapakwa dawa, akatulia. Mdogo wake hakupakwa. Akaulamba mguu mchana kutwa, huku akilia.

"Mpake na yeye!" Panya akasema.

"We! Wote mkipakwa, nitajuaje kama ni dawa au ni bahati?"

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Panya akazunguka kizimbani, huku na huku, huku na huku. Mdogo wake alikuwa ameacha hata kula, na hilo lilimuuma Panya kuliko manyigu.

"Mganga," akaita, "Simba atakuuliza swali."

"Swali gani?"

"Atakuuliza, dawa umeijaribu kwa nani? Utasema, kwa panya. Atanguruma, kwani mimi nina mguu wa panya?"

Fisi akajikuna. "Sasa nifanyeje?"

"Tafuta mnyama mkubwa. Mwenye mguu mnene."

Fisi akatazama kushoto, hayupo. Akatazama kulia, hayupo. Akatazama chini, akauona mguu wake mwenyewe.

"Na paja lote litakuwa langu?"

"Lako peke yako. Tufungulie tu tukushikie kibuyu."

Fisi akafungua mlango, akatumbukiza mguu. Zzzzz, chwi chwi chwi! "Uwiii! Nipakeni!" Mguu ukawa kama boga.

Panya akampaka mdogo wake, polepole, mpaka kwenye kucha. Mdogo wake akasimama, akajaribu hatua, akacheka. Wakaanza kukikokota kibuyu, kuru kuru kuru, kuelekea kwa Simba.

"Na mimi je?" Fisi akalia. Akainuka awafuate, akaanguka, pu!

Panya akageuka. "Unaumwa?"

"Naumwa!"

"Sana?"

"Mno!"

"Basi dawa ni nzuri. Aliyepakwa anatembea, asiyepakwa analia. Nitamwambia Simba hivyo hivyo."

Mnataka funzo? Funzo ni hili, watoto: mganga akikwambia tumbukiza mguu, tumbukiza. Usiulize maswali, yeye ndiye anayejua.

Hadithi imeniishia mdomoni. Mwenye miguu mizima aende zake. Aliyevimba abaki, nimtazame.