Alama Mguuni mwa Sefu

Nitegeeni masikio, ingawa kisa hiki kitawaachia mzigo wa kubeba nyumbani.

Athmani, mwosha maiti, alijua kusitiri: aliloliona mwilini mwa mtu alilizika naye. Mwanasha, mkewe Sefu, hakusahau kitu. Kadzo, muuguzi, aliwaogopa madaktari, lakini alijua kusikiliza.

Sefu alifia hospitalini, ikaandikwa homa ya ubongo. Alikuwa ameusia macho yake apewe asiyeona. Yakatolewa, yakahifadhiwa kwenye baridi. Kesho yake Zuhura, msukaji wa mikeka asiyeona, angepasuliwa ili awekewe.

Athmani alipomwosha Sefu aliona alama za meno kwenye shavu la mguu. Akanyamaza, kama ilivyo ada. Lakini walipotoka makaburini alama ile ilimrudia akilini. Asubuhi akasimama nje ya mlango wa mjane.

"Shemeji, sijawahi kutoa siri ya maiti. Lakini macho yake leo anapewa mtu. Sefu aling'atwa na nini?"

Mwanasha alifungua mlango. "Mbwa. Yapata miezi miwili. Tulipakamulia ndimu, pakapona. Na juzi nilipompa maji, alipiga mayowe kama nimempa moto."

"Mbona hukusema?"

"Watu wangemwogopa. Nani angekuja kumzika?"

Akalia. Kisha akashika simu, akapiga wodini.

Kadzo aliposikia mbwa, kisha maji, alielewa. Kichaa cha mbwa hupita hata katika jicho la maiti. Na Zuhura alikwisha kulazwa kwa dawa ya usingizi! Kadzo akausukuma mlango wa chumba cha upasuaji.

"Daktari, usimguse!"

"Una wazimu? Toka!"

"Nifukuze kazi baadaye. Jicho hilo lina mauti."

Kisu kilisimama hewani. Kikarudi siniani.

Vipimo vilithibitisha. Wote waliomgusa Sefu wakachanjwa. Athmani akanung'unikiwa msikitini kwa kuvunja sitara, Mwanasha akanyooshewa vidole mtaani kwa kuficha, Kadzo akapewa barua ya onyo.

Zuhura, bado haoni, bado yu hai, alisuka mkeka mmoja kwa ncha za vidole. "Ni wa aliyeniokoa," alisema.

Bila Athmani, mjane asingeulizwa. Bila mjane, alama ingebaki kovu. Bila Kadzo, habari ingekuta kisu kimemaliza kazi. Na mkeka haukatwi vipande vitatu.

Umekunjwa magotini pake mpaka leo, naye ameinyoosha mikono, hajui aielekeze wapi. Je, wewe ungemwambia ampe nani?